Mtihani wa Upangaji na Kanuni za Usahaulifu

Tangu siku mwanafunzi anapoweka kalamu chini katika mtihani wake wa mwisho wa sekondari hadi siku anapoketi kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mihadhara, hupita miezi mingi. Nchini Tanzania mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, na vyuo vikuu kwa kawaida hufungua mwaka mpya wa masomo mwezi Oktoba au Novemba. Nchini Kenya mtihani wa KCSE humalizika mwezi Novemba, na wengi huingia chuo kikuu Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Katika muda huo kijana hulima, hufanya biashara ndogo, huenda katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, au hupumzika nyumbani. Yote hayo ni mema. Lakini maarifa aliyoyakusanya hayamngojei pale alipoyaacha.

Makala hii yaeleza jinsi maarifa yanavyopotea, na namna mwanafunzi anavyoweza kuyahifadhi. Tutaanza na mtihani ambao hudhihirisha upotevu huo waziwazi, nao ni mtihani wa upangaji.

Mtihani wa upangaji ni nini?

Mtihani wa kuingia chuoni humkubali mtu au humkataa. Mtihani wa upangaji hufanywa na mtu aliyekwisha kukubaliwa. Kazi yake ni kukiwezesha chuo kujua aanzie somo la ngazi gani. Mtihani wa namna hii umetumika sana nchini Marekani, hasa katika vyuo vya jumuiya vya miaka miwili, ambavyo hupokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari. Mwanafunzi kutoka Afrika ya Mashariki aendaye kusoma huko huweza kuukuta mlangoni. Kwa kuwa huambiwa kwamba hakuna kushinda wala kushindwa, ni rahisi aingie bila matayarisho yoyote.

Mtihani unaojulikana zaidi ni ACCUPLACER wa shirika la College Board, ulioanza mwaka 1985. Hufanywa kwa kompyuta, na alama zake huanzia 200 hadi 300. Kila sehemu ya hisabati ina maswali 20. Mtahiniwa haingii na kikokotoo chake; maswali machache tu huonyesha kikokotoo katika skrini. Hapana saa ya kumkimbiza, lakini haruhusiwi kuruka swali wala kurudi nyuma. Kompyuta hupima kila jibu: akijibu sawasawa, swali linalofuata huwa gumu zaidi, akikosea, huwa jepesi zaidi. Kwa hiyo mtu aliyesahau mambo madogo ya msingi huenda asipate kabisa nafasi ya kuonyesha mambo makubwa anayoyajua.

Apataye alama za chini hupelekwa katika kozi za kujazia. Kozi hizo hulipiwa ada na huchukua muhula mzima au zaidi, lakini hazihesabiwi katika shahada. Wengi hukata tamaa na kuondoka kabla hawajafika katika somo lililowapeleka chuoni.

Hata wataalamu wa Marekani wameutilia shaka upangaji huu. Utafiti wa Judith Scott-Clayton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba mtahiniwa mmoja kati ya wanne katika hisabati, na mmoja kati ya watatu katika Kiingereza, aliwekwa mahali pasipomfaa kabisa, wengine chini mno na wengine juu mno. Sheria ya jimbo la Florida ya mwaka 2013 iliwaondolea mtihani huu wahitimu wengi wa shule za umma za jimbo hilo, na sheria ya California ya mwaka 2017 ilivitaka vyuo vya jumuiya vitazame matokeo ya sekondari. Hata hivyo mtihani haujatoweka, na mgeni ambaye matokeo ya shule yake hayafahamiki vizuri huko hana budi kuwa tayari kuufanya.

Kanuni ya usahaulifu

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana hadi akazijua, akasubiri, kisha akajifunza upya orodha zile zile na kupima ni muda kiasi gani aliouokoa kwa kuwa alizijua zamani. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya kazi ya mwanzo. Baada ya siku moja aliokoa asilimia 34, na baada ya siku 31 asilimia 21.

Takwimu hizi zina mafunzo mawili. La kwanza, kusahau hutokea kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua mwendo. La pili, ambalo watu hulipuuza, ni kwamba hata baada ya mwezi si kila kitu kilikuwa kimepotea: kujifunza upya kulikuwa rahisi kuliko kujifunza mara ya kwanza. Ni kweli kwamba mambo yenye maana hudumu akilini kuliko silabi tupu, lakini mwelekeo ni ule ule. Basi mwanafunzi aliyesahau asijione mjinga. Sehemu ya kazi yake imekwisha kufanyika.

Kusoma tena, au kujitahini?

Wanafunzi wengi hujitayarisha kwa kusoma daftari tena na tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walilipima jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha likafunga karatasi na kuandika yote liliyoyakumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikumbuka asilimia 83, na waliojitahini asilimia 71. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, na waliojitahini asilimia 61. Kusoma tena humpa msomaji wepesi, naye huudhania kuwa ni ujuzi. Kujitahini huchosha, na katika kuchosha huko ndimo akili inamojifunza kulitafuta jambo na kulipata.

Katika hisabati, Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha jaribio jingine mwaka 2007. Wanafunzi walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne. Baadhi yao walifanya maswali ya umbo moja hadi yakaisha, ndipo wakaenda kwa jingine. Wengine walipewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Juma moja baadaye kundi la kwanza lilipata asilimia 20 tu, na la pili asilimia 63. Sababu yake yaeleweka: anayefanya maswali yaliyochanganywa hulazimika kila mara kuchagua njia, na mtihani humtaka afanye hivyo hivyo.

Mpango wa majuma manane

Kutokana na hayo, mwanafunzi aweza kujitengenezea mpango usio na gharama.

Siku ya kwanza ajipe maswali 20 ya hisabati kutoka vidato vyote, bila kufungua kitabu. Asahihishe, kisha ayapange katika mafungu matatu: anayoyajua, aliyoyasahau, na ambayo hakuyajua tangu awali. Fungu la pili ndilo litakalompa faida ya haraka. Kila jambo atakalojifunza upya ajitahini tena baada ya siku moja, siku tatu, juma moja, majuma mawili na mwezi mmoja, akilichanganya na mengine. Nusu saa kwa siku yatosha.

Ajizoeze pia kukisia. Tuseme swali ni 2/3 + 1/4. Aliyesahau kanuni hujumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, akapata 3/7. Lakini 2/3 pekee ni zaidi ya nusu, na 3/7 ni chini ya nusu. Yawezekanaje jumla iwe ndogo kuliko sehemu yake? Jibu sahihi ni 11/12. Asiye na kikokotoo ana mlinzi huyu wa kukisia.

Lugha nayo isisahauliwe. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Waliona kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa wangeweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Tiba ni ile ile: kila siku asome kurasa mbili, afunge kitabu, aandike kwa maneno yake mwenyewe yaliyosemwa, kisha alinganishe.

Neno kwa walimu

Mwanafunzi asiyekwenda ng'ambo hataitwa katika chumba cha kompyuta kupangiwa ngazi. Lakini mhadhara wa kwanza wa hisabati au fizikia nao ni mtihani wa upangaji usio na jina: mhadhiri huanza mahali anapodhani wanafunzi wote wamefika, wala hamngoji aliyesahau. Mwalimu wa kidato cha sita aweza kusaidia kwa jambo dogo. Kabla wanafunzi hawajaondoka, awape karatasi moja yenye maswali 20 yaliyochanganywa, na majibu yake katika bahasha iliyofungwa, pamoja na tarehe tano za kujitahini. Karatasi hiyo haihitaji maabara wala umeme, nayo yaweza kumwokolea kijana muhula mzima.