Hii Beti Imetoka Wapi?

Msee amekuwa mpole usiku wote. Unapandisha, analipa. Unabeti flopu, zile karata tatu za kwanza mezani, analipa. Unabeti karata ya nne, analipa tena bila neno, macho kwa simu. Halafu riva inaanguka, ile karata ya tano, na kabla ujipange buda anasukuma thao mbili katikati ya meza. Zamu ni yake, sawa, lakini usiku mzima zamu yake imekuwa ya kugonga meza, yaani kupita bila kubeti, na kukungoja. Sasa amekutangulia. Wasee wengi hapa hufunga macho wakalipa juu wako na karata poa, na doh ya keja inaenda hivyo. Kwangu mimi hapa ndo mchezo huanza kuwa mtamu.

Nabonga poka ya doh, Texas Hold'em, si ile kadi ya base ya kujibu maswali na kusema "niko kadi". Lakini kama kadi imekulea, kuna akili tayari uko nayo. Msee akitupa Asi aitishe maua, hungoji akuambie anashikilia nini. Unaanza kumhesabia hapo hapo. Kwa poka watu huitisha kwa doh. Kila beti inaitisha kitu: ulipe, uhepe, ama utulie ili karata inayofuata ije kwa bei rahisi. Ile yenye hukuitarajia ndo hubonga sana, juu msee ameacha njia yake ya kawaida, na mtu haachangi njia yake bure.

Wacha tuichambue hio raundi pole pole. Beti za lazima ni chwani na soo. Uko na Asi na K, unapandisha hadi soo tatu. Huyu mpole, mwenye beti kubwa ya lazima, analipa, wengine wanatupa. Poti, ile doh yote ya katikati, ni 650. Flopu inakuja K ya uru, 8 ya kopa, 4 ya kopa. Anagonga meza, unabeti soo tatu, analipa. Karata ya nne ni 2 ya maua. Anagonga, unabeti soo sita, analipa. Poti imefika 2,450. Riva: 7 ya kopa. Na sasa ndo thao mbili zinaingia.

Hesabu iko wazi. Unaombwa 2,000 ili ushinde 4,450, kwa hivyo ukiwa mbele asilimia 31 ya mara, kulipa hakukuumizi. Hio 31 ndo ya kutafuta. Anza nyuma, usianze na riva. Ni karata gani zingelipa flopu na karata ya nne bila kupandisha hata mara moja? K dhaifu, kama K na J. 8 ya msee mbishi. Kopa mbili zinazongoja ya tatu. 6 na 5 iliyokuwa inawinda 7. Sasa weka 7 ya kopa juu ya hio list. Kopa zimefunga flashi, kopa tano. 6 na 5 imefunga streti, 4 hadi 8 mfululizo. K na J imebaki pale pale, na msee wa K na J hawezi kukutangulia na thao mbili wakati kopa ya tatu imetoka. Huyo angegonga meza akiomba Mungu na wewe ugonge.

Sasa uliza swali lenye wengi huruka: kama hii ni blafu, ni nini ilimkosa? Blafu ya riva kawaida hutoka kwa karata zilizokuwa zinawinda kitu kikakataa. Hapa karibu kila mwindaji amepata nyama yake. Hakuna maskini wa kudanganya. Na kwa nini asigonge meza akungoje kama kawaida? Juu anajua kopa ya tatu itakushtua, utagonga pia, na flashi yake italala bila kulipwa. Tupa Asi na K yako. Inauma, lakini tupa.

Badilisha riva iwe 9 ya shupaza na story inageuka. Kopa zimekosa. 6 na 5 imekosa. Tatu za aina moja za tangu flopu, ukiwa umeshika K moja na nyingine iko mezani, ni chache sana: K mbili zilizobaki zinaunda jozi moja tu, 8 zinaunda tatu, 4 zinaunda tatu. Na wengi wenye hizo wangeshapandisha mapema, wakiogopa kopa. Thao mbili zile zile, kutoka kwa mkono ule ule, sasa ziko na maskini wengi nyuma yake. Hapo nalipa bila kusumbuka. Saizi haijabadilika. Kilichobadilika ni karata zenye zinaweza kuitaka hio saizi.

Kuna pia beti ya kutangulia kwa flopu. Wewe ndo ulipandisha mwanzo, mazoea ya meza ni wengine wagonge wakuachie. Ghafla jamaa anaweka soo mbili ndani ya poti ya 650. Kwa meza za mtaa, mara nyingi huyo ako na jozi yenye haiamini, ama anawinda flashi na anataka kujiwekea bei mwenyewe kabla umwekee yako. Angekuwa na tatu za aina moja angekuachia wewe umjengee poti. Mpandishie. Akifikiria kitambo, alipe, halafu karata ya nne agonge meza, amekuambia kila kitu. Lakini angalia meza kwanza. Flopu ikiwa 6-5-4, karata ndogo ndogo ni za yule wa beti ya lazima, aliyeingia na kila takataka kwa bei nafuu, si zako wewe wa Asi na K. Hapo kutangulia kwake naheshimu.

Halafu kuna yenye mimi huita mwisho wa mazungumzo: kupandishiwa kidogo kabisa kwa riva. Poti iko thao moja u nusu, umebeti soo tano, na msee mwenye amekuwa akilipa tu anaifanya thao moja. Mtu wa kublafu anahitaji uogope, na nani ataogopa soo tano ya ziada? Hio bei imewekwa ndo ulipe. Unaambiwa uweke 500 ushinde 3,000, unahitaji asilimia 14 tu, na bado kwa wachezaji wa kawaida hiyo 14 haipatikani. Wasee huniambia "lakini ni bei rahisi". Ndio, na ndo maana ameiweka rahisi.

Beti kubwa kupita poti iko na tabia ingine. Poti ni thao moja, msee anaweka mbili. Wewe unahitaji kuwa mbele asilimia 40. Yeye, kama ni blafu, anahitaji uhepe mara mbili kati ya tatu. Saizi kama hio huondoa karata za katikati: mwenye jozi ya kawaida hana sababu ya kuweka hivyo, juu karata mbovu zitahepa na nzuri zitamla. Kwa hivyo ni kitu kizito sana ama ni hewa. Jozi yako ya juu na jozi yako ya chini zinakuwa kitu kimoja, zote zinashika hewa na zote zinaliwa na kizito. Chagua ya kulipia kwa kuangalia karata zenye umeshika zimemzuia nini.

Hii ya kuzuia inaonekana vizuri sana kwa raundi iliyobadilisha huu mchezo dunia nzima. Las Vegas, 2003, Binion's Horseshoe, fainali ya World Series of Poker. Wachezaji 839 walikuwa wameingia, zawadi ya kwanza dola milioni 2.5. Wamebaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano la mtandaoni lenye kiingilio chake hakikufika dola 100, na Sammy Farha, mzaliwa wa Beirut, mchezaji wa doh kubwa kwa miaka. Moneymaker ameshika K ya shupaza na 7 ya kopa. Farha ameshika Q ya shupaza na 9 ya kopa. Mezani 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza, halafu karata ya nne ni 8 ya shupaza.

Farha, na jozi ya juu, anabeti chipu 300,000. Moneymaker anapandisha hadi 800,000. Hana kitu bado, lakini anawinda pande mbili: shupaza moja tu apate flashi, 5 ama 10 apate streti. Farha analipa. Riva ni 3 ya kopa. Zote zimekosa. Farha anagonga meza, na Moneymaker anasukuma kila kitu alicho nacho.

Farha alimsoma. Alibonga kwa sauti pale mezani akikisia kwamba flashi imemkosa, na alikuwa sahihi kabisa. Alikuwa mbele. Akatupa. Kwa nini? Juu story ya Moneymaker haikuwa na tundu. Mtu aliyepandisha wakati shupaza ya tatu ilitoka anaweza kuwa na flashi tayari, ama streti, ama tatu za aina moja, na 3 ya kopa haikubadilisha chochote kwa hao wote. Aliyekuwa mzito dakika mbili zilizopita bado ni mzito. Lakini rudi kwa karata za Farha. Q ya shupaza iko mkononi mwake. Bila hio karata, shupaza zilizobaki zingeunda flashi kwa njia 45. Akiwa nayo, njia zinashuka hadi 36. Hio ni sababu ya kulipa. Moneymaker naye, na K ya shupaza mkononi, alijua flashi ya K haiko kwa Farha. Wote wawili walikuwa na kipande cha ukweli mkononi. Moneymaker ndo alitumia chake. Alishinda shindano, na mwaka uliofuata wachezaji waliruka hadi 2,576.

Nikiangalia hio raundi, sioni ujasiri tu. Naona beti ya mwisho iliyokubaliana na beti ya kabla yake. Ndo maana mimi husaka mahali zinapokosana. Msee akigonga flopu, akagonga karata ya nne, halafu riva isiyobadilisha kitu akalipuka, hizo beti zinagombana zenyewe kwa zenyewe, na ugomvi huo ndo wa kulipia.

Mashine zimetuongezea kazi. Januari 2017, programu ya Carnegie Mellon inayoitwa Libratus iliwachapa mabingwa wanne huko Pittsburgh kwa raundi 120,000, na kitu kimoja kilichowasumbua ni vile ilikuwa inabeti kupita poti mahali binadamu hawakuzoea. 2019 ikaja Pluribus, ya meza ya watu sita, na hiyo ilikuwa inatangulia kubeti mara nyingi kuliko mabingwa wetu, ile ile beti yenye kwa miaka wajuaji walisema ni ya mafala. Tangu hapo kuna mayut wanaokaa na programu za mazoezi kila siku, na wanakutangulia kwa mpango.

Kwa hivyo kabla ujue beti inasema nini, jua nani anabonga. Mzee wa kiwanda aliyekuja kupumzika Ijumaa akikutangulia kwa riva, heshimu. Yut wa programu atakutangulia na tatu za aina moja na atakutangulia na hewa, saizi moja, mwendo mmoja, uso ule ule. Huyo humtoi siri kwa kumkodolea macho. Huyo unamrudishia hesabu: poti ni ngapi, ameitisha ngapi, karata zangu zimemzuia nini. Ikifika asilimia unayohitaji, lipa, na ukiliwa, panga chipu zako ungoje karata mpya.