Kwaya za Visiwani na Injili ya Ziwa

Mara nyingi safu hii hushughulika na bei ya dagaa, upungufu wa dawa na ratiba za vivuko. Leo tunaomba radhi ya wasomaji wetu, hasa ndugu zetu Waislamu na wale wa madhehebu mengine, ili tuseme machache juu ya kwaya za makanisa ya Kikatoliki katika visiwa vya Ukerewe, Ukara na vile vidogo vinavyovizunguka. Jambo lenyewe si la Wakatoliki peke yao, kama itakavyoonekana. Maofisa wa Serikali nao linawahusu, na tutafika kwao.

Aliyekaa kisiwani anaijua kazi ya mwanakwaya. Hana mshahara wala posho. Huacha jembe jioni, akaoga haraka, akashika njia ya kigangoni, huko akasimama saa mbili akirudiarudia mistari minne ya wimbo mmoja. Mwalimu wa kwaya huandika nota za solfa ubaoni kwa chaki, akafundisha sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu na ya nne, na aliyekwisha kujua yake hana budi kungoja wenzake. Mwezi ukiingia giza mambo huwa magumu zaidi, maana hizo ndizo siku za karabai, na vijana wa kiume wengi wako ziwani wakitafuta dagaa. Besi hubaki na wazee wawili na mwanafunzi mmoja. Walimu wa kwaya wenye akili hupanga mazoezi ya nyimbo nzito mbalamwezini, na giza likiingia huwapa kina mama nyimbo zao. Kalenda ya namna hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha liturujia, lakini visiwani ndiyo inayotawala.

Kwa muda mrefu sasa tumesikia lawama za waumini wazee kwamba kwaya zimegeuka ngoma za arusi: kinanda kinalia kupita sauti za watu, sare zinabadilishwa kila sikukuu, na waumini waliobaki kwenye mabenchi wamekuwa watazamaji. Tumesikia pia majibu ya vijana, kwamba wazee hawa wanatamani Kilatini ambacho hata wao hawakukielewa. Hatukusudii kuamua ugomvi huo. Swali letu ni jingine: Je, wanakwaya wetu, kabla ya kufungua vinywa vyao siku ya Jumapili, wamekwisha kuyasoma maneno ambayo nyimbo zao zinapaswa kuyajibu?

Swali hilo lisingeweza kuulizwa zamani. Mpaka miaka ya 1960 Misa ilikuwa katika Kilatini, na mwanakwaya aliyetamka vizuri alihesabiwa kuwa amemaliza kazi. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati yake juu ya liturujia, ikaruhusu lugha za watu na kuheshimu muziki wa mataifa. Mwaka huohuo padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alikuwa ametoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ng'ambo ya pili, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Bujora, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, tangu miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuiona ngoma ya Wasukuma kuwa kitu cha kutunzwa na si cha kuchomwa moto. Mwaka 1965 Mtaguso ukatoa hati nyingine juu ya Ufunuo, iliyowahimiza waumini wote wasome Maandiko wenyewe. Hati hizi mbili zilitoka kwenye meza moja. Sisi tunaona kwamba kwaya zetu zilipokea ile ya kwanza kwa vigelegele, na ile ya pili zikawaachia makatekista.

Tuangalie basi kilichomo katika masomo yenyewe. Tangu yalipopangwa upya baada ya Mtaguso, masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A husomwa hasa Mathayo, Mwaka B Marko, na Mwaka C Luka. Mtu wa kisiwani akifuatilia mzunguko huo atagundua kwamba hakuna mwaka unaopita bila ziwa kuingia kanisani. Katika Mwaka A, Jumapili ya 19, Petro anatoka chomboni kutembea juu ya maji, anaona upepo, anaanza kuzama. Katika Mwaka B, Jumapili ya 12, dhoruba inakipiga chombo na Bwana amelala kwenye shetri. Katika Mwaka C, Jumapili ya 5, Simoni anarudi asubuhi na nyavu tupu baada ya kukesha usiku kucha. Msomaji wa mjini huhitaji kuelezwa mambo hayo. Mvuvi wa Ukara haelezwi usiku wa nyavu tupu ni nini. Yeye ndiye angefaa kumweleza mhubiri. Na tuseme kwa kupita kwamba lile Ziwa la Galilaya halifiki kilomita za mraba 170, wakati kisiwa cha Ukerewe peke yake kinazidi 500. Waliopiga kelele mle chomboni walikuwa wavuvi waliozaliwa kando ya maji ambayo sisi tungeyaita ghuba.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolorwa kwenda Bwisya, Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Kilibeba zaidi ya maradufu, na kikapinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini. Watu zaidi ya 220 walikufa. Hakuna haja ya kuwasimulia wasomaji wetu yaliyofuata. Wengi wao walikuwapo, na wengine walizika.

Mwaka 2018 ulikuwa Mwaka B, mwaka wa dhoruba ya Marko. Lakini Jumapili ya 12 iliangukia tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwake Yohane Mbatizaji, na masomo ya sikukuu yakachukua nafasi. Kwa hiyo somo la dhoruba lilirudi katika Misa ya Jumapili kwa mara ya kwanza baada ya msiba tarehe 20 Juni 2021. Siku hiyo, baada ya somo la kwanza, kwaya huimba wimbo wa katikati, nao huchukuliwa katika Zaburi ya 107. Zaburi hiyo inawasimulia watu walioshuka majini kwa vyombo vyao: mawimbi yaliwapandisha na kuwateremsha, wakamlilia Mungu, tufani ikatulia, naye akawafikisha kwenye bandari waliyoitamani. Kiitikio chake ni cha kushukuru.

Tunawaomba wasomaji wafikiri. Mwanakwaya anasimama mbele ya kanisa lenye wajane na yatima wa watu waliomlilia Mungu uleule mlio, gati likionekana, wasifikishwe. Anapaswa kuwaimbisha watu hao shukrani ya waliofikishwa. Ataimbaje?

Kwaya isiyosoma haitaona shida yoyote. Itachukua wimbo wa shukrani uliozoeleka, ngoma zitapigwa, kayamba zitalia, na mama mmoja kwenye benchi la nyuma atatoka nje taratibu bila mtu kujua kwa nini. Kwaya iliyokaa na somo hilo tangu Jumatano itaona shida na itahangaika nayo. Pengine watasema zaburi iimbwe polepole, kwa sauti moja, pasipo ngoma. Pengine mmoja atakumbusha kwamba katika Injili yenyewe wanafunzi hawakushukuru kwanza. Walimwuliza Bwana kama hajali kwamba wanaangamia, naye hakuwafukuza kwa swali hilo. Pengine mwingine atataka wakati wa komunyo iimbwe Zaburi ya 130, ya mtu anayelia kutoka vilindini, ambayo hufahamika sana misibani. Sisi si walimu wa liturujia, na hatuchagui. Tunachodai ni kwamba hilo ndilo tendo la imani, kuhangaika vile, na kwamba waumini huweza kutofautisha wimbo uliohangaikiwa na wimbo uliokaririwa, hata kama hawana maneno ya kueleza tofauti.

Watu watasema wanakwaya hawana muda. Saa mbili za mazoezi hazitoshi hata kwa nota. Jibu tunalo karibu, wala halina gharama. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe jambo la kwanza katika uchungaji wao, na tangu hapo jumuiya nyingi zimejifunza kusoma Injili kwa ile njia ya hatua saba iliyotoka katika Taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini. Watu humwalika Bwana, husoma, hurudia neno lililowagusa, hunyamaza, husimuliana, huulizana kazi iliyo mbele yao, husali. Mwanakwaya aliye mwanajumuiya hodari anaijua njia hiyo. Ajabu ni kwamba akifika kwenye mazoezi huiacha mlangoni pamoja na kandambili zake. Robo saa ya kwanza ya mazoezi ya kila wiki, Injili ya Jumapili ijayo isomwe, watu wanyamaze kidogo, wawili watatu waseme. Nota zitangoja.

Hatua ya sita, ile ya kuulizana kazi, ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu ndipo kwaya inapotoka kanisani. Visiwani mtu akifa, kwaya huwahi kufika kuliko karibu watu wote. Huimba usiku kucha matangani, huimba makaburini, kisha hurudi nyumbani. Lakini matanga yakianuliwa, nyumba ya mjane huvuja, watoto hukosa madaftari, na deni la nyavu alilokopa marehemu hubaki. Kundi la watu arobaini wenye afya njema, waliozoea kukutana kila wiki na kumtii kiongozi mmoja, ni nguvu ambayo kijiji hakina mahali pengine. Tumewahi kuona kwaya ikiezeka nyumba kwa siku moja, tena ikiimba. Tumeona pia kwaya iliyovunjika kwa ugomvi wa vitambaa vya sare wakati mwenzao mmoja amelazwa na hakuna aliyekwenda kumtazama.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lisipotajwa litapotea. Nyimbo nyingi zinazotungwa na walimu wa kwaya wa visiwani zimo katika madaftari ya shule, zinafunikwa na vumbi na kutafunwa na mchwa. Kisiwa hiki kinapaswa kulijua jambo hilo kuliko vingine vyote. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe na Mkatoliki aliyesomeshwa na wamisionari, alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Mswada ulingoja miaka 35, na ulipona kwa sababu yeye mwenyewe na marafiki wachache hawakuuachia. Madaftari ya kwaya hayana rafiki wa namna hiyo. Ofisi za parokia zingeweza kuyanakili, na ofisa utamaduni wa wilaya asingekosea kazi yake kama angeomba nakala.

Sasa tuwageukie maofisa wa Serikali kama tulivyoahidi. Kwanza, ile desturi ya kuita kwaya kuja kumwimbia mgeni rasmi. Wanakwaya hukusanywa asubuhi, mgeni hufika alasiri, na waliosimama juani ni wakulima na wavuvi waliopoteza siku ya kazi. Wakiitwa, waitwe kwa saa inayojulikana, na wapewe maji ya kunywa. Kuimba ni utumishi wao kwa Kanisa. Hawakuajiriwa kupamba sherehe.

Pili, ambalo ni kubwa, safari. Kila mwaka kwaya huvuka maji kwenda kutembelea parokia nyingine, kwenda kwenye mashindano, kwenda kwenye daraja ya upadre ya kijana wa kisiwa chao. Wakiwa wengi na fedha haba, hukodi mtumbwi wa injini mmoja, wakajipakia wote pamoja na ngoma, kinanda na sufuria za chakula, wakaondoka wakiimba. Wanaporudi ni usiku. Tunawataka wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini wahesabu watu hao kama wanavyohesabu abiria wengine, na wasione haya kuzuia chombo kwa kuwa waliomo wamevaa sare za kanisa. Na kwa walimu wa kwaya tunasema waziwazi: mkiwa arobaini na chombo ni cha watu ishirini, nendeni kwa safari mbili, au waende ishirini. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha kabla chombo hakijang'oa nanga, hata kama linafunika sare. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya vitambaa vipya zinunue kwanza majaketi hayo, na yahifadhiwe kigangoni pamoja na ngoma, ili kila anayesafiri kwa jina la kwaya alikute la kwake.