Sindano ya Mgongo kwa Mama Anayepasuliwa

Leo tunazungumzia jambo linalowatia hofu akina mama wengi hapa Machakos, kutoka Masii hadi Matuu: sindano ya mgongo anayodungwa mama kabla ya kupasuliwa ili mtoto atolewe.

Utasikia wakisema kwamba aliyedungwa hatabeba tena mtungi wa maji, au atapooza. Sindano hii si jambo geni. Daktari August Bier aliitumia Ujerumani mwaka 1898. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia juu ya usawa wa mifupa ya nyonga. Mtaalamu hudunga chini ya hapo, penye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Dawa hutia ganzi mishipa hiyo, na baada ya saa mbili tatu hivi miguu huanza kurudiwa na nguvu. Utakuwa macho. Utahisi kuguswa na kuvutwa. Ukihisi maumivu, sema papo hapo. Na utamsikia mwanao akilia!

Kupooza kabisa ni nadra mno. Maumivu ya mgongo nayo huwapata hata waliojifungua kwa njia ya kawaida, kwani mimba yenyewe huuchosha mgongo. Linalotokea mara nyingi ni presha kushuka, ukahisi kichefuchefu au kizunguzungu. Ndiyo sababu utawekewa dripu, utalazwa ukiegemea kushoto kidogo, na presha itapimwa tena na tena.

Mweleze mtaalamu kama una jipu mgongoni, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mama aliyepoteza damu nyingi huenda akapewa dawa ya usingizi badala yake. Hapo chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, kwa hivyo sema ukweli kama umekula, hata kama ni uji tu. Nawe shangazi unayemsindikiza, usimpenyezee chapati!

Akidungwa, aketi amejikunja, kidevu kifuani, asitikisike. Baadaye asiinuke peke yake mpaka miguu ipate nguvu. Kichwa kikimuuma anapoketi na kutulia anapolala, mjulishe muuguzi, tiba ipo. Akiwa ameshafika nyumbani apate homa na maumivu makali ya mgongo, miguu ilegee, au ashindwe kukojoa, usingoje kesho. Mrudishe hospitalini siku hiyo hiyo.