MLANGO WA MALARIA KATIKA DAMU YETU

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Huku Kindu na pande zote za Maniema, kila jamaa inajua homa ya malaria. Lakini je, mnajua mdudu wake anashika wapi ili aingie katika damu? Leo tuelezane.

Ndani ya damu mna chembe nyekundu, ndogo sana, zinazotoa hewa safi mapafuni na kuipeleka mwilini mote. Kila chembe imevaa kama koti la minyororo ya sukari. Mwishoni mwa minyororo mingi kuna sukari moja ya pekee, iitwayo asidi ya siali. Si sukari ya chai: mwili unaitengeneza wenyewe. Glukosi, sukari ya kawaida ya damu, ina atomi 6 za kaboni. Uti wa asidi ya siali una 9, tena una chaji hasi ya umeme. Mtaalamu Gunnar Blix wa Uswidi aliipata mwaka 1936 katika ute wa matezi ya mate ya ng'ombe. Ndiyo maana jina lake linatoka katika neno la Kigiriki la mate.

Inatufaa nini? Kwanza, chembe zote zikiwa na chaji moja, zinasukumana wala hazigandamani. Damu inapita vizuri hata katika mishipa myembamba. Pili, ni kama kadi ya kazi pale langoni: askari wa mwili wakiiona, wanajua kwamba chembe hii ni yetu.

Lakini mwizi naye ameujua mlango huo. Mdudu mkali wa malaria, Plasmodium falciparum, huishika sukari hiyo, hujikaza juu ya chembe, kisha huingia. Humo anazaana. Baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka, na wadudu wapya wanatoka kutafuta chembe nyingine. Hapo homa inapanda na damu inapungua. Mtoto mdogo anaweza kufa upesi.

Sukari hiyo hatuwezi kuiondoa, kwa sababu tunaihitaji. Tena mdudu anazo njia nyingine za kuingia. Basi tumzuie mbu:

1. Kila usiku watu wote walale ndani ya chandarua chenye dawa, kwanza watoto na mama mwenye mimba.

2. Mashimo ya kasiterite yaliyoachwa hutuama maji ya mvua, na mbu hutaga humo. Yafukieni, ama toeni maji.

3. Homa ikianza, msingoje kesho. Mpelekeni mgonjwa akapimwe damu. Akipewa dawa, azimalize zote, hata kama homa imeshuka.

Ndugu, ukirudi kazini leo jioni, kagua chandarua cha watoto. Kikiwa na tundu, kishone kabla ya giza.