Siku tano za pwani zilizonifunza kuliko miaka 16 ya Kariakoo

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka 16 nimekuwa nikipanda basi Nyabugogo, Kigali, kwenda Dar es Salaam kufuata vitenge na vyombo vya nyumbani. Njia naijua hata nikiwa usingizini: Rusumo, Benaco, Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro, mpaka Kariakoo. Lakini bahari, ambayo ndiyo huleta karibu kila ninachouza, sikuwahi hata kuikanyaga.

Agosti 2025 mzigo wangu ulikwama bandarini. Wakala akaniambia, "Mama, subiri kama siku tisa hivi." Siku tisa gesti ya Kariakoo, joto na kelele, nimezikaa mara nyingi. Safari hii nikajiuliza: kwa nini nisipumzike kama watu wengine? Nikachagua Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Nilikwenda peke yangu.

Wengi wetu tuliorudi nyumbani Desemba 1996 tulivuka Rusumo kwa miguu, mizigo kichwani. Mimi nilikuwa na miaka 11. Tangu hapo kila nilipovuka mpaka nilikuwa nafuata riziki. Kuvuka ili nikae tu lilikuwa jambo ambalo sikujua linafanywaje. Nayaeleza niliyojifunza ili mwenzangu atakayefuata asiyapate kwa gharama niliyoyapata mimi.

Karatasi kwanza

Kitambulisho cha taifa, ambacho tangu 2014 kinatufikisha Kampala na Nairobi, hakitoshi Tanzania. Beba pasipoti au hati ya safari. Tena usidhani kwamba ukishagongewa muhuri Rusumo umemaliza. Ukishuka boti Unguja, mgeni anapita tena kwa maofisa wa uhamiaji. Mimi pasipoti nilikuwa nimeiweka chini kabisa ya begi, nikawa natoa nguo moja moja mbele za watu huku foleni ikininung'unikia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe karibu.

Boti ziendazo kasi huchukua takriban saa mbili. Mwezi wa nane upepo wa kusi huwa mkali, na mawimbi hayana huruma na mtu aliyezoea Ziwa Kivu. Usile sana kabla ya kupanda.

Fedha na biashara

Zamani nyumba za wageni za pwani zilitaja bei kwa dola. Kuanzia Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badili fedha zako benki au kwenye duka lenye leseni, kisha lipa kwa shilingi.

Hilo nililijua, lakini sikulifuata. Ufukweni, kijana mmoja kati ya wale wanaoitwa mapapasi alinipa maneno matamu kuhusu safari ya ngalawa. Nikampa dola 20 mapema, kesho yake alfajiri nikakaa mchangani nikimngoja hadi jua likapanda. Mimi ninayebishania shilingi mia Kariakoo! Nikiwa sokoni akili yangu ni ya mfanyabiashara. Nikiwa mapumzikoni niliiacha chumbani. Lipa kazi ikishafanyika, na mtu wa kukupeleka akutafutie mwenyeji wako.

Jambo la pili ni la wenzangu wa mpakani. Nilikuwa na doti tatu za vitenge ndani ya begi, na kina mama wa kijijini walipoziona wakazitaka. Mkono ulianza kupiga hesabu wenyewe. Mwenye gesti akanivuta pembeni: "Dada, wewe umeingia kutembea, si kuuza." Alisema kweli. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, uuzaji wa rejareja ukiwamo. Ukisema unakwenda kutembea, tembea.

Maji yalipogeuka

Siku ya tatu mwezi ulikuwa mpevu. Saa nne asubuhi nilitoka nje nikakuta bahari imeondoka. Palepale nilipoogelea jana yake palikuwa na mchanga na vidimbwi, na kina mama wameinama mbali kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza upande huu mwaka 1989: mwani hufungwa kwenye kamba zilizokazwa kwa vijiti, huvunwa maji yakipwa, hukaushwa na kuuzwa kwa kilo kwa wanaousafirisha ng'ambo.

Nilitembea zaidi ya nusu saa. Nikawapita, nikaendelea kuelekea mwambani nikiokota makome. Kina mama walipoanza kurudi na viroba vyao, mmoja akanipungia mkono akipiga kelele. Nikadhani ni salamu, nami nikampungia.

Kumbe maji yalikuwa yameshageuka. Nilitarajia, kama yakirudi, yatakuja kutoka mbele nami nitayaona. Hayaji hivyo. Yanapita kwanza kwenye mifereji, na mfereji mkubwa ulikuwa nyuma yangu. Nilioukuta asubuhi ukiwa wa kifundo cha mguu, sasa ulinifika kifuani na mkondo unavuta. Mguu ukakanyaga mdudu mweusi mwenye miiba kama nungunungu. Nikapiga ukelele, na sauti yangu ikachukuliwa na upepo.

Yule mama alikuwa amerudi. Alisimama ng'ambo ya mfereji akanitupia kamba ya mwani. "Shika! Usishindane nayo, njoo nayo upande!" Nikaishika kwa mikono miwili. Alipokwisha kunitoa hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, bahari huulizwa."

Nyumbani kwake alinipaka utomvu wa papai bichi penye miiba, akanifundisha yale ambayo watoto wa pale huyajua kabla ya kuanza shule. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo huja bamvua: maji hupwa mbali sana na kurudi kwa nguvu. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Kujaa huchukua kama saa sita, na saa ya tatu na ya nne ndizo za kasi zaidi. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo usitumie saa ya jana. Na kina mama wa mwani wakianza kurudi, rudi nao.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto wangu kambini.

Kukaa peke yako

Kila mtu aliniuliza, "Uko peke yako? Bwana yuko wapi?" Mwanzoni niliudhika, halafu nikaona wanauliza kwa sababu mtu asiye na mwenziwe hana wa kumtafuta asiporudi. Siku ile ya mfereji hakuna aliyejua nilikwenda wapi. Baada ya hapo kila nilipotoka nilimwambia mwenye gesti niendako na saa ya kurudi. Salamu pia zilinisaidia: ukianza na shikamoo, na ukijifunga kanga unapopita kijijini, mlango unafunguliwa haraka.

Siku mbili za mwisho sikufanya lolote. Nilikaa barazani kwa yule mama nikimsaidia kuanika mwani, tukizungumza bei. Bei ya kwake hupangwa na mnunuzi, kama yangu inavyopangwa na mwenye duka la jumla.

Siku ya tano simu ikalia: mzigo umetoka. Pale Rusumo ofisa wa forodha aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia vitenge, vyombo, na sabuni mbili za mwani nilizopewa. Nikijaliwa nitarudi Jambiani maji yakiwa mafu, na doti moja ya kitenge kwa mama yule. Hiyo haitakuwa biashara.