Umbo maalumu (usanifu wa michoro)

Umbo maalumu katika usanifu wa michoro kwa kompyuta ni umbo ambalo mchoraji hulitengeneza mwenyewe badala ya kutumia yale yaliyomo tayari katika programu, kama vile mraba, duara, nyota au mshale. Programu hulihifadhi kama orodha ya nukta pamoja na mistari inayoziunganisha. Mchoro wa namna hiyo huitwa mchoro wa vekta. Kwa sababu hiyo umbo linaweza kukuzwa au kupunguzwa bila kupoteza ubora, kubadilishwa rangi, kukatwa na mashine ya stika na kutumika tena katika kazi nyingine. Programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni Adobe Illustrator, CorelDRAW na Inkscape.

Mfano wa Ziwa Viktoria

Alama ya kawaida ya samaki huwa na mwili wa umbo la yai na mkia wa pembetatu. Alama hiyo haitoshi pale ambapo watu wanahitaji kujua ni samaki yupi. Katika jiji la Mwanza na vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Viktoria, wavuvi na wachuuzi hutofautisha samaki kwa kuwatazama tu, na kila aina ina mwonekano wake:

- Sangara (Lates niloticus) ana kichwa kilichobonyea sehemu ya juu, mkia wa mviringo na pezi la mgongoni lenye sehemu mbili zilizotengwa na pengo. Sehemu ya mbele ina miba.
- Sato (Oreochromis niloticus) ana mwili mpana na pezi moja refu la mgongoni lisilokatika.
- Dagaa (Rastrineobola argentea) ni mdogo na mwembamba, na mkia wake una panda mbili.

Tofauti hizi zina maana pia kisheria. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua sangara mwenye urefu wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Bango la mwaloni linaloeleza jambo hilo husomwa hata na asiyejua kusoma, ikiwa tu samaki aliyechorwa anafanana na yule aliyemo kwenye mtumbwi. Mchoro wa vekta unaweza kupewa urefu kamili wa sentimita 50, ukachapwa, na samaki halisi akalinganishwa nao.

Historia

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad iliyomwezesha mtu kuchora mistari moja kwa moja kwenye skrini. Hesabu ya mistari iliyopinda ilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliibuni mwaka 1959, lakini kampuni yake iliifanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliitangaza katika miaka ya 1960, ndiyo maana mistari hiyo inaitwa kwa jina lake.

Adobe Illustrator ilitolewa mwaka 1987 na CorelDRAW mwaka 1989. Mwaka 2001 muundo wa faili uitwao SVG ulikubaliwa kuwa kiwango cha michoro ya vekta katika intaneti. Inkscape, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, ilianza mwaka 2003.

Namna ya kuchora

Kifaa kikuu ni kalamu. Kila kipande cha mstari uliopinda kina nukta mbili za mwisho, na kila nukta ina kishikio kinachoamua mstari uelekee wapi na upinde kiasi gani. Umbo la sangara huchorwa kwa hatua hizi:

1. Picha ya samaki iliyopigwa kutoka ubavuni huwekwa kwenye tabaka la chini, kisha tabaka hilo hufungwa lisisogee.
2. Nukta ya kwanza huwekwa kwenye ncha ya mdomo. Kubofya tu hutoa mstari ulionyooka, na kubofya huku ukiburuta hutoa mstari uliopinda.
3. Nukta nyingine huwekwa pale tu mstari unapobadili mwelekeo: juu ya kichwa, mwanzo wa pezi, ndani ya pengo, shina la mkia na kadhalika.
4. Pale penye kona, kama kwenye miba ya pezi, vishikio viwili vya nukta hutenganishwa. Pale penye mpindo laini huachwa vikiwa kwenye mstari mmoja.
5. Mstari hurudishwa kwenye nukta ya kwanza ili umbo lifungike.
6. Duara dogo huchorwa mahali pa jicho, kisha hutolewa kwenye mwili ili libaki tundu.

Kuunganisha maumbo

Hatua ya mwisho hapo juu ni mfano wa kutoa umbo moja kutoka jingine. Programu nyingi huweza pia kuunganisha maumbo kuwa moja, au kubakiza sehemu yanapopandana tu. Jiwe la Bismarck, ambalo ni alama maarufu ya Mwanza, linaweza kuchorwa kwa njia hiyo: kila jiwe huchorwa peke yake, kisha yote huunganishwa kuwa kivuli kimoja.

Makosa ya kawaida

- Nukta nyingi mno. Programu ikiachiwa kufuatisha picha yenyewe, mara nyingi huweka nukta nyingi zisizohitajika. Mstari huwa na mikwaruzo, na mashine ya stika hukata kingo zisizo laini.
- Umbo lisilofungwa. Ukingo wake hubaki na pengo, na stika ikikatwa haibanduki vizuri.
- Maumbo yanayopandana bila kuunganishwa. Kisu hupita juu ya kila mstari na kukata stika vipande.
- Kuvuta upande mmoja. Mchoro ukirefushwa ili kujaza bango bila kulinda uwiano wake, sato huanza kufanana na samaki mwingine, na kipimo cha bango hakiaminiki tena.
- Kutumia picha ndogo badala ya vekta. Picha yenye upana wa pikseli 600 ikichapwa kwenye bango la mita 3, kila pikseli huwa na upana wa milimita 5 na kingo huonekana kama ngazi.

Hakimiliki

Kuchora upya picha au nembo ya mtu mwingine hakumfanyi mchoraji kuwa mmiliki wake. Nchini Tanzania kazi za sanaa zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na alama za biashara husajiliwa BRELA. Njia salama ni mchoraji kupiga picha yake mwenyewe ya samaki au jiwe, kisha kuchora umbo kutokana nayo.