Tusitenganishe ufahamu na tamathali za usemi

Kiswahili kina neema ambayo si kila lugha imejaliwa kuwa nayo: huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Mtoto akishazimudu herufi na silabi, halipo neno ukurasani litakalomshinda kulitamka, hata kama hajapata kulisikia maishani mwake.

Hata hivyo, neema hii imetuletea balaa. Mwanafunzi anaposimama darasani na kuisoma taarifa kwa sauti kubwa bila kukwama, sisi walimu humpigia makofi tukiamini kwamba ameelewa. Aghalabu hajaelewa. Mnamo mwaka 1986, wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema zao, wala si jumla, kwa maana kwamba kimoja kikiwa sufuri, chote huwa sufuri. Kwa sababu uwezo wa kwanza hupatikana kwa urahisi katika Kiswahili, ukosefu wa ule wa pili hufichika vizuri mno.

Msomaji na aitazame sentensi hii niliyoibuni: "Mpefu alidupuza nyandimo zake zote pembeni mwa kigwepe." Ni nani aliyedupuza? Mpefu. Alidupuza nini? Nyandimo zake. Alizidupuza wapi? Pembeni mwa kigwepe. Tumepata alama zote tatu, ilhali hakuna hata mmoja wetu anayejua mpefu ni nani wala nyandimo ni kitu gani. Sarufi ndiyo iliyotujibia maswali.

Hivyo ndivyo maswali mengi ya ufahamu yalivyo katika shule zetu za msingi. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, uliwazoesha walimu na wanafunzi kuwinda jibu miongoni mwa manne yaliyokwisha kuandikwa. Tathmini ya KPSEA, iliyoanza mwaka 2022 kwa wanafunzi wa Gredi ya Sita, nayo ilikuja na maswali ya kuchagua jibu. Silaumu maswali ya aina hiyo kwa jumla, kwani yanaweza kutungwa kwa ustadi. Ninacholaumu ni mazoea ya kumfunza mtoto alitafute neno la swali ndani ya taarifa, kisha anakili yaliyo kando yake.

Ugonjwa huu umeambukiza pia ufundishaji wa tamathali za usemi. Katika ziara zangu za kuwakagua walimu wanafunzi wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nimesikia mara nyingi darasa zima likiimba kwamba tashbihi ni ulinganishaji unaotumia neno "kama". Kanuni hiyo ni fupi na tamu, lakini inapotosha.

Tuchukue mifano. "Kama mvua itanyesha, hatutaenda shambani." Hapo "kama" inaonyesha sharti. "Walikuja watu kama 20." Hayo ni makadirio. "Nimefanya kama ulivyoniagiza." Hapo inaeleza jinsi jambo lilivyotendwa. "Amina ni mrefu kama dada yake." Huo ni ulinganishaji, naam, lakini wa kawaida, kwa sababu tunaweza kuwasimamisha wawili hao ukutani na kuwapima. Ni pale tusemapo "Amina ni mrefu kama mlingoti" ndipo tunapoingia katika tashbihi, kwa kuwa binadamu ameletwa karibu na kitu kisicho cha jinsi yake ili tumwone kwa jicho jipya. Kwa upande mwingine, mtoto aliyefungwa na kanuni ya "kama" ataipita tashbihi iliyojengwa kwa "mithili ya", "mfano wa" au "utadhani" bila kuitambua.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba tukishalipata jina, tunafunga kitabu. Mwandishi akisema "Bi Zena ni simba", mwanafunzi atajibu kwamba hiyo ni istiara, naye atapewa alama yake. Lakini Bi Zena ana sifa gani ya simba? Ikiwa taarifa inamhusu mama aliyewatetea wanawe dhidi ya majangili, simba huyo ni ushujaa. Ikiwa inahusu mwajiri anayewafokea vibarua wake tangu asubuhi hadi jioni, simba ni ukali. Jibu haliko katika neno "simba" wala katika fasili ya istiara. Liko katika taarifa nzima. Kwa hiyo asiyeifahamu taarifa hawezi kuifahamu istiara, na asiyeifahamu istiara ameikosa sehemu ya taarifa. Mambo haya mawili ni somo moja.

Tanakali za sauti zinalithibitisha jambo hili vizuri zaidi. Watoto wetu hukaririshwa orodha: kuanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Sasa mwalimu na awasomee: "Kamau alikimbilia nyumbani, akateleza na kuanguka tapwi!" Kisha aulize: je, siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha? Taarifa haikutaja mvua wala matope. Mtoto atakayejibu kwamba yamkini ilinyesha amefanya kazi ya msomaji wa kweli: ametoa katika maandishi jambo ambalo halikuandikwa. Hapo tanakali imekuwa ufunguo wa ufahamu badala ya mzigo wa kukariri.

Kuna wanaodai kwamba istilahi hizi ni ngumu mno kwa watoto. Sikubaliani nao kabisa. Nyingi zina jamaa zake katika maneno ya kawaida. Tashbihi ni ndugu ya "kushabihiana". Taswira inatokana na mzizi mmoja na "sura". Takriri ni jamaa ya "kukariri", na tashihisi ni jamaa ya "shakhsi", yaani mtu. Nayo ni kukipa kitu sifa za mtu. Istiara kwa asili yake ya Kiarabu ni kuazima: tunamwazima simba ili tumweleze Bi Zena. Mtoto akionyeshwa ukoo huu, jina linamshikia bila viboko wala nyimbo.

Ugumu wa kweli umeletwa na sisi wenyewe. Kitabu kimoja kitasema istiara, kingine sitiari, cha tatu istiari. Huyu ataita tashihisi, yule uhuishi, na mwingine uhaishaji. Kwa huyu ni chuku, kwa yule ni mubalagha. Mwalimu asimnyime mtoto alama kwa sababu amelitumia jina lililo katika kitabu cha jirani.

Mtaala wa umilisi umeigawa lugha katika mada za kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, na sarufi. Vitendawili na methali vimewekwa katika mada ya kwanza, na ufahamu katika ya pili. Mpangilio huo unamfaa mtunzi wa mtaala, lakini usiwe ukuta darasani. Kitendawili ni istiara iliyofichwa upande mmoja. Mtoto anayetegua "Nyumba yangu haina mlango" kwa kujibu "yai" amekwisha kuifanya kazi yote ya istiara kabla ya kulisikia jina lake. Kinachobaki ni kumwambia tu kwamba alichokifanya kina jina.

Najua mwalimu atasema kwamba kipindi ni cha dakika 35 na darasa limefurika. Simwongezei kipindi. Namwomba kila anapokutana na tamathali katika taarifa aulize maswali matatu: Ni kitu gani kinachofananishwa, na kinafananishwa na nini? Vinafanana kwa sifa ipi? Na maneno haya yakiondolewa, taarifa itapungukiwa na nini? Jina la tamathali lije mwisho, baada ya majibu hayo.

Mtoto atakayezoea kujiuliza hivyo hatakwama akikutana na riwaya na mashairi katika shule ya upili. Wala hatadanganywa kwa urahisi na tangazo la biashara au hotuba ya mwanasiasa, maana na wao huazima simba wanapomhitaji.